Chemirocha: Mgeni Aliyealikwa Kucheza Kapkatet

Mwaka 1950 Mwingereza aitwaye Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika wilaya ya Kericho nchini Kenya, akiwa na mitambo ya kunasa sauti. Alikuwa akizunguka Afrika Mashariki kukusanya ngoma na nyimbo kabla hazijapotea. Kati ya nyimbo alizoondoka nazo, tatu zilikuwa na jina moja: Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu iliimbwa na wasichana wa Kikipsigis wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakisindikizwa na ala ya nyuzi ya ukoo mmoja na nyatiti ya Waluo na obokano ya Wakisii. Ni wimbo mfupi, na hiyo ya tatu ndiyo iliyokuja kusikika duniani kote.

Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, baada ya jina lake kupita kwenye ulimi wa Wakipsigis. "Jimmie" iligeuka "Chemi" na "Rodgers" ikawa "rocha". Likaungana hivyo, likakaa katikati ya Chemutai na Cheruiyot kana kwamba mwenyewe alizaliwa ng'ambo ya kilima.

Rodgers hakuwahi kukanyaga Afrika. Alizaliwa mwaka 1897, akakulia pande za Meridian, jimbo la Mississippi, na tangu ujana alifanya kazi za reli, ikiwemo ya kushika breki za treni. Mwaka 1924 aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Ugonjwa ulimtoa kwenye reli, gitaa likabaki kuwa ndilo la kumlisha. Agosti 1927 alirekodi kwa mara ya kwanza katika mji wa Bristol, Tennessee. Aliimba juu ya treni, mapenzi yaliyovunjika, mfuko mtupu na barabara ndefu, na kati ya beti aliipandisha sauti ghafla kutoka kifuani hadi kichwani, akaishusha, akaipandisha tena. Hata kifua kikuu chenyewe alikitungia wimbo. Alifariki New York tarehe 26 Mei 1933, akiwa na miaka 35, siku chache tu baada ya kurekodi nyimbo zake za mwisho huku akipumzika kitandani kila alipomaliza mmoja.

Sahani zake za santuri zilibaki zikisafiri. Inasimuliwa kwamba zilifika nchi ya Wakipsigis pamoja na wamisionari na gramafoni zao za kuzungushwa kwa mkono. Sanduku lilifunguliwa, sindano ikashushwa, na mtu asiyeonekana akaanza kuimba kwa lugha isiyoeleweka, sauti ikiruka kama swala.

Ili kuelewa wasichana wa Kapkatet walimfanya nini mtu huyo, ni lazima tuitazame ardhi waliyosimama juu yake. Reli ya Uganda ilikuwa imepita nchi hiyo ikielekea Kisumu, ilikofika mwaka 1901, na kituo chake cha Lumbwa ndicho Kipkelion ya leo. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai Kericho, kwenye ardhi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyang'anya wenyewe. Wakipsigis wengi, wakiwa na ng'ombe wao na mahindi ya kuuza, hawakukimbilia kuchuma chai ya mtu. Vibarua wengi wakaletwa kutoka Nyanza na Magharibi. Tangu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, cheti cha kazi kilichowekwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai, ukoo wa orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Tracey alipokuwa akipanga mitambo yake Kapkatet, Talai walikuwa bado uhamishoni.

Hapo ndipo wasichana walipoimba. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, Chemirocha wao ni nusu mtu, nusu swala. Wanamwita aje aingie ngomani, aruke nao, aruke kwelikweli, hadi suruali imvuke.

Tracey aliandika kana kwamba kijiji kilikuwa kimepata kijimungu kipya, kitu cha kufanana na Pan wa Wagiriki wa kale, nusu mtu na nusu mbuzi. Tafsiri hiyo imerudiwa mara nyingi ng'ambo, kwa sababu inapendeza: Waafrika wanasikia gramafoni na kumwabudu mwimbaji. Lakini nani humwabudu mungu kwa kumvua suruali? Aliyekulia karibu na ngoma za vijana atasikia kitu kingine hapo. Atasikia utani, tena utani wa kike, ule ambao msichana humtupia mvulana anayejiona.

Tuanze na suruali. Mwaka 1950 vijijini, suruali ilikuwa na maana. Ilivaliwa na karani, msomi wa misheni, askari aliyerudi vitani, na bwana shamba. Aliyeivaa alikuwa amepiga hatua kuelekea kwa Mzungu. Kumwambia mtu wa namna hiyo aruke mpaka imdondoke ni kumrudisha kwenye kipimo ambacho wasichana wenyewe walikishika: miguu yake. Kazi ya shambani ilipimwa kwa mizani ya bwana. Ngomani, mizani ilikuwa mikononi mwa wasichana.

Tuje kwenye swala. Kila ukoo wa Wakipsigis una tiondo, mnyama anayeutambulisha. Mtu akijulikana ukoo na mnyama wake, hujulikana pia anaweza kumwoa nani na hawezi kumwoa nani. Sasa ametokea mwanamume ndani ya sanduku. Sauti yake tamu, lakini hana baba, hana boma, hana ukoo. Utachezaje naye? Mimi ninausoma wimbo hivi: wasichana walimpa mnyama ili apate mahali pa kusimama. Walimgawia nusu ya swala kama vile mtu anavyompa mgeni kigoda. Ni mzaha, ila ndani yake kuna hekima ya wazee wote wa eneo hilo: kabla hujapenda, uliza ametoka wapi.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka 25 mgeni aliyekuja Kericho alikuja na ramani, vigingi na miche ya chai, na wenyeji hawakupona. Wimbo huu unaipa methali maana yake tena. Mgeni anaalikwa, anapewa jina, anapewa mnyama, anaingizwa ngomani, na mwenyeji ndiye anayecheka. Pia husemwa mcheza kwao hutunzwa. Chemirocha alichezea ugenini, tena baada ya kufa, na tuzo yake ikawa kuvuliwa suruali. Mtu aliyeweza kuufanyia mzaha ugonjwa uliokuwa ukimuua angecheka naye, nadhani.

Sahani ya Tracey iliondoka, Kericho ikabaki na muziki wake. Gitaa lilichukua nafasi ya ala za zamani, na mwanamuziki Kipchamba arap Tapotuk akawa miongoni mwa waliolifanya lizungumze Kikipsigis. Mjini Kericho duka la muziki la Chandarana liligeuka studio na lebo ya sahani, na katika miaka ya 1970 wanamuziki wa Kiluo, Kikisii na Kikalenjin walipanda gari kwenda kurekodi kwenye mji ambao wengine waliujua kwa majani mawili na chipukizi tu. Nyimbo za kantri, kizazi cha Rodgers mwenyewe, bado zinapigwa redioni na kwenye arusi Bonde la Ufa, na hakuna anayeona ajabu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, na shirika la chai la KTDA likaundwa mwaka uliofuata, wakulima wadogo wengi zaidi walipanda chai yao wenyewe. Leo Kapkatet, Litein na Mogogosiek ya Bomet zina viwanda vinavyochukua majani kutoka mashamba ya familia. Ugomvi wa kazi haukuisha: Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto katika mashamba makubwa, watu wakisema zinawanyang'anya riziki.

Rekodi zenyewe zilikaa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes. Mwaka 2014 maktaba hiyo, kwa ushirikiano na mradi wa Singing Wells, ilianza kuzirudisha Kenya. Wazee wa nchi ya Wakipsigis wakasikia tena sauti za ujana wao, safari hii kutoka kwenye kisanduku kidogo kuliko kile cha kwanza.

Ukipita leo barabara ya Kericho, utakuta kijani kilekile pande zote mbili, lakini mabango yamebadilika. Yalisema Brooke Bond, yakaja kusema Unilever, kisha ekaterra, kisha Lipton, nalo halikudumu. Kila mara jina lilibadilishwa mbali, na wachumaji wakalikuta limeshapakwa rangi. Katika majina yote ya kigeni yaliyofika kwenye vilima hivyo, lipo moja lililobadilishwa hapohapo, na wasichana, wala hawakumwomba mtu ruhusa.