Kambare wa milimani: samaki anayepima usafi wa Mto Athi

MAJI ya mifereji ya Kisauni hutoka kwa sehemu kubwa katika visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki. Mto huo ndio uitwao Athi katika nyanda za juu, na Galana baada ya kuungana na Mto Tsavo. Kwenye vijito vya juu vya mto huo, mbali na macho ya wakazi wa Pwani, huishi samaki mdogo ambaye hali yake huashiria hali ya maji: kambare wa milimani.

Kwa miaka mingi wataalamu walimhesabu pamoja na Amphilius uranoscopus, aliyeelezwa na Mjerumani Georg Pfeffer mwaka 1889 kutokana na samaki waliopatikana katika Tanzania ya leo. Mwaka 2010, watafiti Thomson na Page walibainisha kuwa samaki wa Athi ni spishi ya pekee, wakamwita Amphilius athiensis. Jamaa yake wa Mto Tana ni Amphilius grandis.

Umbile lake limeandaliwa kukabili maji ya kasi. Hana magamba, tumbo lake ni bapa, macho yako juu ya kichwa, na mdomo umezungukwa na jozi tatu za sharubu. Mapezi mapana ya kifuani na tumboni hulalia jiwe, ili mkondo usimchukue. Mchana hujificha chini ya mawe. Chakula chake hasa ni mabuu ya wadudu wa majini.

Kambare wa kawaida wa matopeni huweza kuvuta hewa ya juu, hivyo hustahimili maji machafu. Wa milimani hana uwezo huo. Hutegemea maji baridi yenye hewa tele. Misitu inapofyekwa na kingo kulimwa, udongo huziba nafasi baina ya mawe, naye hukosa maficho na chakula.

Udongo huo hauishii huko. Hubebwa hadi Sabaki na, wakati wa mafuriko, hugeuza bahari ya Malindi kuwa nyekundu. Mto Tsavo nao hupokea maji ya chemchemi za Mzima, ambazo tangu miaka ya 1950 hupeleka maji Mombasa kwa bomba lipitalo Changamwe. Likoni hutegemea zaidi Marere na Tiwi, nje ya mto huo.

Kwa hivyo, kulinda vijito vya kambare huyu ni kulinda pia maji ya Kisauni.