Kompyuta Ndani ya Kompyuta: Ujanja wa Miaka ya 60 Unaowafaa Vijana wa Mwanza

Kijana anayejifunza ufundi wa kompyuta Mwanza mjini anakuwa na tatizo moja kubwa: mashine aliyoishika sio yake. Ni ya mteja au ya ofisi. Anataka kujifunza Linux, lakini akikosea hatua moja tu, kazi za watu zimefutika na jina lake limeharibika mtaani.

Kumbe dawa yake ni ya zamani sana. Miaka ya 60 huko Marekani, IBM walikuwa na mashine ghali mno, hakuna mtu wa kupewa ya peke yake. Wakatengeneza programu ya kuigawa, kila mtumiaji akaona kama ana kompyuta yake mwenyewe. Mwaka 1972 wakaitangaza kwa wateja kwa jina la VM/370.

Miaka 2 tu baadaye, 1974, serikali ya Tanzania ikazuia kuingiza kompyuta nchini. Wenzetu wanagawana mashine, huku hata ya kugawana ni shida!

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaachia Linux bure. Halafu 2007 ikaja VirtualBox, nayo bure, na ujanja ule wa IBM ukashuka mpaka kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba.

Inafanyaje kazi? Fikiria kivuko cha Kamanga kimebeba gari. Gari likigoma kuwaka, kivuko kinaendelea na safari yake. Windows ndio kivuko, Linux ndio gari. Diski nzima ya Linux ni faili tu ndani ya Windows, ukiharibu unafuta unaanza upya. Kama mashine ina RAM ya GB 4, chukua Linux nyepesi kama Puppy, ipe GB 1 na maisha yanaendelea. Ila umeme ukikatika zote mbili zinazima, kwa hiyo faili lile likopi kwenye flashi mapema.

Ujanja huu ulizaliwa kwa sababu mashine hazikutosha watu. Ndio maana unamfaa kijana wa Nyegezi au Igoma kuliko mwenye laptop tatu.

Wewe ulijifunzia kompyuta kwenye mashine ya nani? Shusha komenti hapo chini.