Je, binti anaweza kuuza shamba la ukoo? Kesi ya Holaria Pastory

Huku Kisesa, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, mashamba yanageuka viwanja na bei ya ardhi inapanda. Bei ikipanda, swali la siku nyingi hurudi kwenye vikao vya familia: binti ana haki gani katika ardhi aliyoiacha baba? Swali hilo lilifika Mahakama Kuu mjini Mwanza, nayo ikalijibu mwaka 1990.

Holaria Pastory alikuwa mama wa Kihaya kutoka Muleba, mkoani Kagera. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Mwaka 1988, uzee ukiwa umemfika na hana wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Siku iliyofuata, mtoto wa ndugu yake alifungua kesi Mahakama ya Mwanzo akitaka mauzo yafutwe.

Alitegemea kanuni za sheria za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963. Kwa kanuni hizo, mwanamke aliweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini si kuliuza. Mwanamume aliweza. Mahakama ya Mwanzo ilifuta mauzo na kumwamuru mama arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ikampa ushindi mama. Mwanamume yule akakata rufaa Mwanza.

Jaji Mwalusanya alitazama mambo mawili. Katiba, iliyoongezewa haki za binadamu mwaka 1984, inakataza ubaguzi. Tena mwaka 1985 Tanzania ilikuwa imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi ya ukoo.

Wengine husema kesi hii iliua ukoo. Sivyo. Jaji aliwapa ndugu miezi sita walikomboe shamba kwa kumrudishia mnunuzi shilingi zake 300,000. Sharti hilo ndilo lililokuwapo hata mwanamume alipouza. Kilichoondoka ni ubaguzi tu.

Kwingine pia haki hii ilipiganiwa. Marekani, katika jimbo la New York, mali ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa mikononi mwa mumewe mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1848.

Kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke anaweza kupata, kumiliki na kutumia ardhi kwa haki sawa na mwanamume. Mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake.

Hata hivyo, upande wa mirathi safari haikuishia hapo. Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walitolewa majumbani mwao na wakwe baada ya waume zao kufariki. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni za mila zinawabagua, lakini haikuzifuta. Wajane hao walifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliona haki zao zimevunjwa na kuitaka Tanzania ibadili kanuni hizo.

Ndiyo maana tunawahimiza wasikilizaji wetu wasisubiri msiba. Baba au mama anayetaka binti yake apate sehemu ya shamba aandike wosia mbele ya mashahidi. Mume na mke waombe hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yao wote wawili. Ugomvi ukitokea, anzeni kwenye baraza la ardhi la kijiji, au mwoneni msaidizi wa kisheria aliye karibu. Holaria alikuwa na wosia wa baba yake, na shamba likawa lake kweli.