Yusuf na Reli ya Upareni

Tarehe 7 Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, swali nililolisikia zaidi lilikuwa: huyu ni nani? Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi, akaishi Uingereza, akachapisha riwaya 10. Tangu Toni Morrison wa Marekani mwaka 1993, hakuna mwandishi mweusi aliyekuwa amepewa tuzo hiyo. Sisi tukaanza kubishana kama ni Mtanzania au Mwingereza. Ubishi huo ulinichosha mapema. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, kwetu ni Same, na kilichonishika mimi ni treni.

Riwaya yake ya 1994, Paradise, iliyofika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker, inamhusu Yusuf, mvulana wa miaka 12 anayepandishwa treni kwenda pwani na tajiri Aziz. Baba anadaiwa, na mtoto ndiye rehani. Mji wa Yusuf ni wa kubuni, lakini treni za Wajerumani hazikuwa za kubuni. Reli yao ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, ilipita chini ya milima yetu ikafika Moshi 1911. Miaka mitano baadaye, Mei 1916, jeshi la Jenerali Smuts liliifuata reli hiyohiyo kuteremka, likiwasukuma Wajerumani kutoka Upareni.

Vitabu vya vita hivyo vina majenerali, vikosi na madaraja yaliyovunjwa. Mapagazi wamo pia, wamehesabiwa kwa maelfu, kama magunia. Mmoja wao alikuwa baba wa babu yangu. Familia inajua kwamba alichukuliwa kubeba mizigo, na kwamba alirudi. Basi.

Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa Upare, alishatuonyesha katika kitabu chake cha 1969 kwamba historia ya Wapare inaandikika kwa kuwasikiliza wazee. Ila mzee akiamua kunyamaza, mtafiti hana la kunakili. Hapo ndipo ninapomhitaji Gurnah. Katika Afterlives ya 2020, Hamza, askari wa Wajerumani, anarudi pwani akichechemea, na aliyoyaona hayasemi kirahisi. Sitamweka Hamza katika tasnifu yangu kama ushahidi, msimamizi wangu angenirudishia kurasa. Lakini tangu nimsome, nikifungua jalada la zamani nauliza nani alirudi nyumbani amenyamaza, jambo ambalo sikuwahi kufundishwa kuliuliza.

Ilichukua miaka 28 Paradise kusomeka kwa Kiswahili, lugha ambayo Gurnah alikua nayo. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022 kwa Mkuki na Nyota. Kwangu hilo ni kubwa karibu sawa na Nobel yenyewe, maana bibi yangu Kiingereza hajui. Nilimsomea jioni, yeye akichambua maharage. Yusuf alipopandishwa treni, mikono yake ikasimama.

"Baba mkwe hakuwahi kupanda treni," alisema. "Hata alipougua. Alisema atakwenda Moshi kwa miguu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Hakusema. Endelea kusoma, mjukuu wangu."