Miiba ya Chuma ya Charleston

Nyumba namba 27 katika mtaa wa King, mjini Charleston, jimbo la South Carolina nchini Marekani, ilijengwa kwa ajili ya Miles Brewton, tajiri aliyechuma mali yake katika biashara ya watumwa. Ilikamilika mwaka 1769. Anayeutazama ua wake wa chuma wa mbele hugundua upesi kwamba haukuwekwa kwa urembo tu: juu yake limelazwa pao la chuma lenye miiba mirefu iliyochomoza kila upande, na mtu akijaribu kuukwea, atachanika.

Miiba hiyo ni masalia ya hofu ya mwaka 1822. Mwaka huo Denmark Vesey, seremala mweusi aliyejinunulia uhuru mwaka 1799 kwa fedha alizoshinda katika bahati nasibu, alishtakiwa kwa kupanga uasi wa watumwa. Siri ilivuja kabla ya siku yenyewe kuwadia. Vesey na wenzake 34 walinyongwa, na mabwana wa mji, ambamo weusi walikuwa wengi kuliko wao, wakaanza kujihami ndani ya nyua zao.

Lakini ni nani aliyewafulia chuma? Mara nyingi ni watu wale wale waliokuwa wakiogopwa.

Viwanda vingi vya uhunzi mjini humo vilitegemea mikono ya watumwa na ya weusi huru. Christopher Werner, mhunzi maarufu kutoka Ujerumani, naye aliwatumia watumwa. Kazi yake inayojulikana zaidi ni geti la namba 32, mtaa wa Legare, lenye panga zilizopishana na mikuki. Wenyeji husimulia kwamba liliagizwa kwa ajili ya kituo cha walinzi wa mji, Werner akafua jozi mbili badala ya moja, na ile ya ziada ikaishia kwenye nyumba hiyo. Majina ya waliokuwa wakishika nyundo kwake hayakuandikwa getini.

Karne ya 20 ndipo jina la mhunzi mweusi lilipovuma. Philip Simmons, aliyezaliwa mwaka 1912 katika kisiwa cha Daniel, aliingia uhunzini akiwa kijana mdogo, chini ya Peter Simmons, mzee aliyezaliwa utumwani na asiyekuwa na undugu naye. Alianza kwa viatu vya chuma vya farasi na magurudumu ya mikokoteni. Magari yalipoiua kazi hiyo, akahamia kwenye mageti, na kabla ya kufariki mwaka 2009 alikuwa amefua vipande zaidi ya 500.

Katika geti la nyumba ya Gadsden, mtaa wa East Bay, alimweka nyoka mwenye njuga mkiani, alama ya bendera aliyoibuni Christopher Gadsden mwaka 1775. Mwili ulikubali mapema. Jicho ndilo lililomsumbua. Kila alipolitazama, nyoka alionekana mfu, naye akarudi kwenye fuawe hadi lilipopata uhai.

Mwaka 1976 alifua geti la nyota na samaki mbele ya umati mjini Washington, na taasisi ya Smithsonian ikalichukua. Mwaka 1982 alipewa tuzo ya taifa ya wasanii wa jadi. Kiwanda chake cha mtaa wa Blake kiliendelezwa na mpwa wake na binamu yake, aliowafundisha mwenyewe.