Redio Iliyozimwa Kabla Hatujazaliwa

Watu wakiongea kuhusu historia ya media Kenya, stori huanzia Nairobi na kuishia Nairobi. KTN 1990, televisheni ya kwanza isiyo ya serikali. Capital FM 1996, na wale wa Westlands wakapata redio inayoongea kama wao. Sisi wa Ndhiwa tunaingia kwenye hiyo stori kama wasikilizaji tu, wale wa kununua betri.

Sasa sikia hii. Mwaka wa 1982, miaka 14 kabla ya Capital, mji wa Homa Bay ulikuwa na stesheni yake ya FM, ya Kidholuo. Iliwekwa na UNESCO ikishirikiana na serikali ya Kenya, kwa mitambo ya bei nafuu, ili watu wa mahali wajitangazie mambo ya mahali. Wanaoandika kuhusu redio za jamii huitaja kama ya kwanza ya aina hiyo Afrika. Afrika nzima, bana, na iko mwendo wa matatu kutoka kwetu, unapita Rodi Kopany unashuka ziwani. Nilikaa chuoni miaka miwili nikisomea mawasiliano kabla karo kuniambia nirudi nyumbani, na katika hiyo miaka miwili nilifundishwa mengi kuhusu BBC. Homa Bay haikutajwa hata siku moja.

Mwaka wenyewe ulikuwa mbaya wa kuzaliwa redio. Mwezi Juni 1982 Bunge liliifanya KANU kuwa chama cha pekee kisheria. Tarehe 1 Agosti wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali, na wakakimbilia studio za Sauti ya Kenya. Leonard Mambo Mbotela, sauti ambayo nchi ilikuwa imeizoea, akashurutishwa kutangaza kwamba Moi ameanguka. Kufikia jioni Moi alikuwa bado rais. Hezekiah Ochuka, aliyeongoza jaribio hilo, alikuwa Mjaluo, alinyongwa 1987. Oginga Odinga alifungiwa nyumbani kwake, mwanawe Raila akawekwa kizuizini.

Ukiwa serikali umetoka kwenye siku kama hiyo, unajifunza kwamba mwenye kipaza sauti ndiye mwenye nchi, hata kama ni kwa saa chache. Halafu unakumbuka kuna kastesheni huko South Nyanza kanaongea Kidholuo, na hukai ndani ya studio kusikia kinachosemwa. Hayo ya kukumbuka ni mawazo yangu. Kilicho wazi ni kwamba mwaka wa 1984 serikali iliifunga.

Nilimuuliza dani kama anaikumbuka. Akasema redio anayoikumbuka ni ya babu, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ambayo watoto hawakuruhusiwa kuigusa, na betri zake zikiisha nguvu zilianikwa juani kama omena. Ilishika Sauti ya Kenya. Ya Homa Bay? Akaniangalia kama mtu ninayemtungia uongo.

Kidholuo kilirudi hewani na nguvu zote biashara ya redio ilipofunguliwa. Leo ukipita soko la Ndhiwa, kutoka kwa kinyozi hadi kwa fundi wa baiskeli, unaweza kufuata kipindi kimoja bila kukosa neno, na mara nyingi ni Ramogi FM. Naipenda, sitadanganya. Benga ni ya kwetu, utani ni wa kwetu, hata namna ya kutukana wanasiasa ni ya kwetu. Lakini mwenye nayo ni Royal Media Services, kampuni ya Nairobi ambayo ina pia Inooro ya Wakikuyu, Musyi ya Wakamba, Egesa ya Wakisii na Chamgei ya Wakalenjin. Duka moja, rafu nyingi. Kila kabila linanong'onezwa kwa lugha ya mama yake, kisha yote yanauziwa sabuni ileile na kamari ileile.

Hata kifo kina bei yake. Huku mtu hajafa vizuri mpaka redio iseme: jina, ukoo, watoto, wakwe, siku ya mazishi. Ni tangazo la kulipia. Familia inachangisha pesa ya jeneza, ya chakula na ya redio, na kuna siku nimeona ya redio ikitangulia.

Mimi mwenyewe niliwahi kutumia kampuni moja ya habari video ya trela ya miwa iliyopinduka barabarani huku. Ikaonyeshwa jioni, bila jina langu na bila shilingi. Dani alifurahi sana. Alisema Ndhiwa imetokea kwa tivii.

Na hao wakubwa nao huzimwa. Tarehe 30 Januari 2018, Raila alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima KTN, NTV, Citizen na Inooro. Mahakama Kuu ikaamuru ziwashwe, serikali ikajifanya haijasikia, na Citizen ikakaa gizani zaidi ya wiki. Dunia nzima ilijua. Mabalozi waliandika, mawakili walikimbia kortini. Kampuni kubwa ikizibwa mdomo inao watu wa kuipigia kelele, na hilo silidharau.

Mwaka jana nilienda Homa Bay kuuliza stesheni ya 1982 ilikuwa jengo gani. Jamaa wa boda, mtu wa umri wa baba yangu, alifikiri kidogo, akaniambia nipande. Alinipeleka kwa ajenti anayepokea matangazo ya vifo.