Kwa nini sumu kali haiwamalizi mchwa Mji wa Kale

NYUMBA za Mji wa Kale, Mombasa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikabebwa na boriti za mikoko na nyuso zake zikapambwa kwa milango ya nakshi na roshani za mbao. Msaji na boriti nzuri huwachelewesha mchwa. Mbao laini zinazotiwa wakati wa ukarabati haziwacheleweshi hata kidogo.

Mwenye nyumba aonapo njia ya udongo ukutani, aghalabu hutaka dawa inayoua papo hapo. Lakini anayeonekana hapo ni mfanyakazi tu. Malkia atagaye mayai yumo ardhini, wala hajilishi. Yeye, askari na watoto hulishwa na wafanyakazi mdomo kwa mdomo, na wote husafishana kwa kurambana. Dawa za jamii ya pairethroidi huwaua au kuwafukuza waliozigusa. Waliosalia huziba njia na kuchimba nyingine, huku malkia akizidi kutaga.

Fipronili hufanya kazi kinyume. Kwa kipimo kidogo mchwa hawaitambui, na huchelewa kuvuruga mishipa ya fahamu, hivyo mfanyakazi hupata muda wa kurudi na kuwaambukiza wenzake. Heksaflumuroni, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1995 ikiwa ndani ya chambo, humzuia mdudu kuunda gamba jipya, akafa anapojivua. Hata hivyo, wafanyakazi waliokomaa wa mchwa aina ya Macrotermes, wajenzi wa vichuguu vikubwa vya Afrika Mashariki, hawajivui tena. Kwao dawa hiyo huathiri kizazi kichanga tu, na matokeo huchelewa mno.

Yuko pia mchwa wa mbao kavu, ambaye huishi ndani ya ubao bila kugusa udongo na huacha chembechembe kama mchanga chini ya fremu. Kwake, kumwaga dawa kwenye msingi ni hasara tupu. Ubao hutobolewa ukatiwa dawa, au hung'olewa.

Zamani aldrini, dildrini na klodeni zilipendwa kwa kuwa hudumu ardhini miaka mingi. Kudumu huko ndiko kulikoziingiza katika Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004. Fipronili nayo si salama: ni hatari kwa nyuki na viumbe wa majini, jambo zito kisiwani, penye nyumba zilizobanana, visima vya kale na bahari hatua chache kutoka misingini.